Fedha za Shule katika Nchi Jirani: Safari ya Shilingi Kutoka Hazina Hadi Darasani

Ndugu wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, katika maelezo yetu ya leo kuhusu nchi jirani tutazungumzia jambo ambalo kwa kulitazama juu juu huenda likaonekana kuwa ni la walimu na wahasibu peke yao. Jambo lenyewe ni namna serikali kuu inavyopeleka fedha kwa serikali za mitaa kwa ajili ya shule na vyuo, na namna wananchi wanavyopata habari kwamba fedha hizo zimetoka. Lakini askari ni mzazi kama wazazi wengine, na mtoto wake husoma katika shule ile ile iliyo karibu na kambi au kituo chake. Isitoshe, askari analielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa sababu maisha yake yote yamo ndani ya mgawo. Anajua kwamba unga hutoka bohari kuu, hupita bohari ya kikosi, hufika jikoni, ndipo uingie katika sahani yake. Anajua pia kipimo anachostahili. Mpishi akikipunguza, kombania nzima itajua kabla ya jua kuchwa.

Hebu sasa tuvuke mpaka wa Mutukula tuingie Uganda. Wapo miongoni mwa wazee wetu wastaafu walioipita njia hiyo kwa miguu mwaka 1979, wakiiendea Masaka na Mbarara, na wanakumbuka hali waliyoikuta. Shule zilikuwa zimebaki kuta. Miaka mingi ya utawala wa mabavu na vita ilikuwa imeiondolea serikali uwezo wa kuzihudumia, na mzigo ukawaangukia wazazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya fedha zilizoendesha shule za msingi nchini humo ilitoka katika mifuko ya wazazi kupitia vyama vya wazazi na walimu.

Hata hivyo, serikali ya Uganda haikuwa imekaa bila kufanya lolote. Kulikuwa na fungu katika bajeti lililoitwa ruzuku ya kila mwanafunzi, yaani kiasi maalumu cha fedha kwa kila kichwa cha mtoto aliyeandikishwa, kwa ajili ya vitabu, chaki na mahitaji mengine yasiyokuwa mishahara. Fedha hizo zilitoka Hazina, zikapelekwa wilayani, na wilaya ndiyo iliyotakiwa kuzifikisha shuleni. Wakati ule Uganda ilikuwa na wilaya 39. Vitabu vya makao makuu vilionyesha kwamba fedha zimetoka mwaka hadi mwaka, na matumizi ya elimu katika bajeti yalikuwa yakiongezeka. Kilichowashangaza viongozi ni kwamba idadi ya watoto shuleni, kwa takwimu zilizokuwako, haikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi ambao tangu hapo umetajwa katika nchi nyingi. Wachunguzi, wakishirikiana na serikali ya Uganda na Benki ya Dunia, hawakuridhika na kusoma vitabu vya Hazina. Walikwenda katika shule za msingi 250 zilizomo katika wilaya 18, wakafungua madaftari ya walimu wakuu na kuyalinganisha na hesabu za serikali kwa miaka ya 1991 hadi 1995. Walilolikuta ni hili: kwa wastani, katika kila shilingi 100 za ruzuku zilizotolewa na serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi, shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Huo ni wastani, na wastani huficha mambo. Shule nyingi hazikupokea hata senti moja katika miaka hiyo.

Msikilizaji wa polisi atauliza mara moja: mwizi ni nani? Swali ni la haki, lakini jibu lake halikuwa jepesi kama la mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa jirani. Fedha zilizokwama wilayani hazikuishia zote katika nyumba za watu. Nyingine zilitumika kwa kazi nyingine za wilaya, nyingine kwa posho na safari, nyingine kwa shughuli za siasa za mahali, na nyingine ziliingia mifukoni kweli. Kwa mwalimu mkuu asiye na chaki tofauti hiyo haina maana. Lakini kwa mpelelezi ina maana kubwa, kwa kuwa karatasi zilikuwa na mihuri na sahihi, na mali ilionekana kama imetumika mahali fulani.

Tena lilikuwako jambo kubwa zaidi la kuzingatia. Mishahara ya walimu, ingawa ilikuwa midogo na mara nyingi ilichelewa, haikupotea kwa kiasi kile. Ilitoka katika serikali ile ile na kupita katika ofisi zile zile za wilaya. Tofauti yake na ruzuku ilikuwa moja tu: kila mwalimu aliujua mshahara wake na alijua tarehe ambayo angestahili kuupokea, kwa hiyo ulipopungua alipiga kelele. Ruzuku ya mtoto ilikuwa haijulikani. Mzazi wa kijijini hakuwa na habari kwamba kuna fedha iliyotolewa kwa jina la mwanawe. Mwalimu mkuu aliyekuwa na habari hakujua ni kiasi gani na lini. Hivyo likawa ni kosa lisilokuwa na mlalamikaji, na askari yeyote aliyewahi kukaa kaunta ya kituo anajua jinsi jalada la namna hiyo linavyokuwa.

Uchunguzi ulionyesha jambo jingine linalouma. Shule zilizofanikiwa kupata chochote zilikuwa, kwa sehemu kubwa, zile za mahali penye watu wenye uwezo. Mwalimu mkuu mwenye wazazi wenye vyeo na usafiri aliweza kwenda wilayani, kuuliza, kungoja, kurudi tena na kubishana mpaka akapewa. Mwenzake wa kijiji cha mbali hakuwa na nauli. Kwa hiyo fedha iliyopangwa igawanywe sawa kwa kila mtoto, katika utekelezaji ilimfuata mwenye nguvu. Mzazi maskini akawa analipa mara mbili: kwanza kwa kodi, kisha kwa mchango wa shule wa kuziba pengo la fedha ambazo serikali ilikwisha kuzitoa.

Serikali ya Uganda ingeweza kuchagua njia iliyozoeleka, yaani kuongeza wakaguzi juu ya wakaguzi. Badala yake ilianza na jambo la gharama ndogo. Wizara ya Fedha ilianza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa katika kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Matangazo hayo yalitokea katika gazeti la serikali la New Vision, na katika ndugu zake yaliyoandikwa kwa lugha za wenyeji, kama vile Bukedde kwa Kiganda, Orumuri kwa Kinyankole na Kikiga, Etop kwa Kiteso na Rupiny kwa Kiluo. Redio pia zilisoma habari hizo. Kisha ofisi za wilaya na shule zenyewe zikatakiwa kubandika katika mbao za matangazo, mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kiasi cha fedha kilichopokelewa.

Yafaa tulitazame tangazo lenyewe lilivyokuwa. Halikuwa makala wala hotuba. Lilikuwa ni jedwali lenye majina ya wilaya upande mmoja na tarakimu upande wa pili, aina ya ukurasa ambao msomaji wa kawaida huuruka akaenda kwenye habari za mpira. Lakini kwa mwalimu mkuu jedwali hilo lilikuwa sawa na hati ya kutolea mali kutoka bohari kuu. Alipokwenda wilayani akaambiwa kwamba fedha hazijafika kutoka Kampala, aliweza kulitoa gazeti na kulikunjua juu ya meza ya mhasibu.

Uchunguzi uliorudiwa katika miaka iliyofuata ulionyesha mabadiliko makubwa. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila shilingi 100 za ruzuku zilikuwa zikifika shuleni. Watafiti walipima pia umbali kutoka shule hadi mahali gazeti linapouzwa, na wakaona kwamba shule zilizokuwa karibu na gazeti zilifanikiwa zaidi kudai haki yake kuliko zilizokuwa mbali. Walimu wakuu wa shule hizo walizijua vizuri zaidi kanuni za ruzuku na wakati wa kutolewa kwake.

Habari hii imesimuliwa duniani kana kwamba gazeti peke yake liliushinda ubadhirifu. Sisi tunaona inafaa kuipunguza chumvi kidogo, na wapo wataalamu walioandika hivyo pia. Katika miaka ile ile Uganda ilibadilisha mambo mengine mengi. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ziliweka utaratibu mpya wa fedha za wilaya. Mwezi Januari 1997 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioahidiwa na Rais Yoweri Museveni katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 1996. Ruzuku ikaongezeka, macho ya wafadhili yakaielekea, na ada ikafutwa, hata mwalimu mkuu akawa hana tena mchango wa wazazi wa kutegemea. Mtu aliyenyang'anywa fimbo moja huishika kwa nguvu ile iliyobaki. Kwa hiyo gazeti lilisaidia sana, lakini halikuwa peke yake.

Hapa inafaa tueleze utaratibu wenyewe, maana maneno yake hutumika sana na hayaelezwi mara nyingi. Kifungu cha 193 cha Katiba ya Uganda kinataja aina tatu za ruzuku kwa wilaya. Ya kwanza haina masharti: wilaya huipokea na kupanga matumizi yake kulingana na mahitaji yake. Ya pili ina masharti: imekwisha kuandikiwa kazi huko juu, na fedha ya shule ya msingi haiwezi kujengea barabara. Ya tatu ni ya kusawazisha, kwa wilaya zilizo nyuma katika huduma fulani. Fedha za shule zimo katika aina ya pili. Faida ya masharti ni dhahiri kwa mtu aliyekwisha kusikia habari ya zile shilingi 13. Lakini masharti yana gharama yake. Madiwani wa wilaya nyingi wamelalamika kwamba wamegeuzwa kuwa makarani wa malipo: fedha inaingia ikiwa imekwisha kupewa jina, inatoka kwa jina hilo hilo, na halmashauri haina la kuamua. Malalamiko hayo yalizidi baada ya mwaka 2005, kodi ya kichwa ilipoondolewa na wilaya zikapoteza chanzo kikubwa cha mapato yake zenyewe. Tangu hapo idadi ya wilaya imeongezeka hata kupita 130, na nyingi kati yake zinaishi karibu zote kwa ruzuku kutoka Kampala.

Tena kufika kwa fedha ni jambo moja, na kutosha kwake ni jambo jingine. Mpango ulipoanza, kiwango kilikuwa shilingi za Uganda 5,000 kwa mwaka kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, na 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Watoto walioandikishwa waliongezeka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata. Madarasa yakafurika, na wengine wakasomea chini ya miembe. Mwalimu aliyezoea watoto 40 alijikuta mbele ya 100 na zaidi. Mbao za matangazo ziliendelea kusema kwamba fedha zimefika, na zilisema kweli. Hazikuwa na nafasi ya kusema kwamba mtoto aliyemaliza darasa la tatu hawezi kusoma sentensi.

Majirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine. Mwezi Januari 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta ada za shule za msingi, watoto walioandikishwa walipanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Kenya haikutaka fedha ipite mikononi mwa mabaraza ya miji na wilaya. Kila shule ilifunguliwa akaunti mbili benki, na fedha ikatoka wizarani moja kwa moja. Kiwango kilikuwa shilingi za Kenya 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 ziliingia katika akaunti ya vitabu na vifaa, ambayo kwa ufupisho wake iliitwa SIMBA, na 370 katika akaunti ya matumizi ya kawaida. Kamati ya shule, yenye wazazi ndani yake, ilihusika katika uamuzi wa matumizi, na shule zilitakiwa kuonyesha hesabu zake hadharani. Kwa muda mfupi vitabu vilionekana mikononi mwa watoto ambao hawakuwahi kumiliki kitabu.

Lakini aliyeziba tundu la chini aliacha la juu. Mwaka 2009 kulidhihirika upotevu wa fedha za mpango huo ndani ya wizara yenyewe, kabla hazijaianza safari ya kwenda shuleni. Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa mpango huo mwishoni mwa mwaka huo, na Marekani ikafuata Januari 2010. Njia fupi hupunguza vizuizi barabarani, ila haimlindi mtu na yule anayekaa mwanzo wa barabara.

Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 iliugawa tena mzigo. Shule za msingi na za sekondari zilibaki chini ya serikali kuu. Elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini vikakabidhiwa kaunti 47, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Kaunti hupata kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mgawo huo hauna masharti. Hapo ndipo ugumu wa vyuo vya ufundi unapoanza. Kijana anayejifunza uashi, useremala au umeme wa magari hushindana, katika bajeti ya kaunti, na barabara na hospitali, na vitu hivi viwili vina wapiga kura wengi kuliko yeye. Serikali kuu ililazimika baadaye kutoa ruzuku yenye masharti kwa vyuo hivyo, yaani kurudia kule kule ambako Uganda ilifika kwa njia nyingine. Wakati huo huo, wazazi wengi katika kaunti hawafahamu ni mlango upi wa kubisha: mtoto wa chekechea ni wa gavana, na kaka yake wa darasa la kwanza katika uwanja ule ule ni wa Nairobi.

Kwetu Tanzania tumepita karibu kila njia kati ya hizi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa na mikoa na wilaya zikachukua kazi zake. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, na zikaanza kazi mwaka 1984. Katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa sawa na dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi, na ilipita katika halmashauri. Tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, fedha zimekuwa zikitumwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi, ambazo 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya kununulia vitabu.

Limebaki jambo moja linalowahusu ninyi wasikilizaji wetu kuliko raia wengine. Ruzuku ya namna hii, iwe ya Uganda, ya Kenya au ya kwetu, hufuata hesabu ya vichwa, na hesabu ya vichwa huchukuliwa siku fulani. Askari hahamishwi kwa kufuata kalenda ya takwimu za elimu. Kikosi kikipewa amri ya kuhama katikati ya mwaka, watoto 60 huenda wakaondoka katika shule moja na kuingia katika nyingine, ambayo fedha yake ilikwisha kupigiwa hesabu bila wao. Mwalimu mkuu wa shule ya pili atawapokea, kwa kuwa hana ruhusa ya kuwafukuza, lakini chaki na karatasi za mtihani atazigawa kwa wengi zaidi ya waliohesabiwa. Dawa ya jambo hilo ni ndogo na imo mikononi mwa mzazi: kuhakikisha kwamba hati ya uhamisho ya mtoto imetolewa na shule ya kwanza na kupokelewa na ya pili, ili jina liondolewe kule na kuandikwa huku kabla ya hesabu inayofuata. Na kwa yule ambaye mke wake ametumiwa ujumbe wa kutoa mchango ilhali yeye yuko lindo mpakani, anayo haki ya kuuliza katika mkutano wa wazazi, kwa adabu na bila kuvaa sare, ni kiasi gani kilichoingia katika akaunti ya shule muhula huu, na karatasi yake imebandikwa wapi.